Mashindano ya roboti: ukarimu uandikwe kwenye kanuni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nitoe maoni kuhusu mashindano ya roboti ya wanafunzi, ambayo katika miaka ya karibuni yamekuwa yakifanyika hapa Dar es Salaam kwa ngazi mbalimbali, na ambayo mimi, nikiwa mwalimu wa fizikia katika sekondari ya serikali na mlezi wa klabu inayopokea pia watoto wa shule ya msingi ya jirani, nayaunga mkono kwa dhati. Sina ugomvi na waandaaji. Wengi wao hujitolea muda na fedha zao, na bila wao wanafunzi wangu wasingewahi kushika kihisi (kifaa kinachoisaidia roboti kutambua vitu) wala mota inayopokea amri kutoka kwenye kompyuta. Hoja yangu ni kwamba mashindano haya humkaribisha mtoto wa Kitanzania kwa hotuba, vitenge na ngoma ya ufunguzi, kisha humpima kwa taratibu zilizotungwa kwa ajili ya mtoto mwingine kabisa. Ngoma ikishanyamaza, utamaduni wetu nao huwa umemaliza kazi yake kwa siku ile. Tukitaka mashindano haya yawe ya watoto wote, mabadiliko yafanyike kwenye kanuni, kwenye karatasi ya alama na kwenye ratiba, maana huko ndiko mshindi anakopatikana.

Mengi ya mashindano tunayoyaona yamefuata mifumo iliyobuniwa nje, na hilo halina aibu, kwani hata mpira wa miguu tuliupokea hivyo hivyo. Shirika la FIRST, linaloandaa mashindano ya roboti ya wanafunzi, lilianzishwa Marekani mwaka 1989 na mvumbuzi Dean Kamen. World Robot Olympiad ilianza mwaka 2004. Na FIRST Global, ambayo kila nchi hupeleka timu moja, ilifanyika kwa mara ya kwanza jijini Washington mwezi Julai 2017. Huenda baadhi ya wasomaji wanakumbuka kwamba mwaka huo timu ya wasichana kutoka Herat, Afghanistan, ilinyimwa viza ya Marekani mara mbili, na timu ya Gambia nayo ilikataliwa mwanzoni, kabla ya uamuzi kubatilishwa na watoto wale kuruhusiwa kusafiri. Dunia ililiona jambo lile kwa sababu lilikuwa na muhuri wa ubalozi. Vikwazo vya mtoto wa Mbagala au Gongo la Mboto havina muhuri: vimo ndani ya utaratibu wa kawaida wa siku ya mashindano, na mwandaaji mwenye nia njema kabisa anaweza kupita juu yake miaka nenda miaka rudi bila kuviona.

Nianze na lugha, kwa kuwa ndiyo inayoamua alama nyingi kuliko watu wanavyodhani. Mtazamaji aliyekaa jukwaani huamini kuwa shindano linaamuliwa mezani, pale roboti inapotembea, inapobeba na kusukuma vitu huku saa ikihesabu. Katika FIRST LEGO League, mashindano ya FIRST yanayotumia roboti za vipande vya LEGO, mzunguko mmoja mezani huchukua dakika mbili na nusu tu, na utendaji huo wa roboti ni sehemu moja kati ya nne zenye uzito sawa. Sehemu nyingine tatu, yaani usanifu wa roboti, mradi wa ubunifu na maadili ya timu, hutegemea kwa kiasi kikubwa yale ambayo watoto wanaweza kuwaeleza majaji ana kwa ana. Sasa, mtoto wa shule ya msingi ya serikali hufundishwa kwa Kiswahili, na yule aliyeingia Kidato cha Kwanza Januari bado anahangaika kuhamia kwenye Kiingereza. Ukimkalisha mbele ya watu wazima watatu asiowajua na kumhoji kwa Kiingereza kitupu, unakuwa umemshindanisha na mwenzake wa inglishi midiamu katika somo ambalo halikutajwa popote kwenye fomu ya kujiandikisha.

Nitoe mfano mmoja nilioushuhudia, bila kulitaja shindano lenyewe. Majaji walimuuliza msichana wa klabu yetu kwa nini roboti yao ilikuwa inakwenda polepole kuliko za wengine. Swali lilikuwa zuri, na jibu alikuwa nalo, kwa sababu gia zile alizifunga kwa mkono wake mwenyewe. Alitamka maneno mawili matatu ya Kiingereza, akanyamaza, akaangalia meza. Jaji akaandika kitu, akaendelea na swali la pili. Baadaye, kwenye korido, mwanafunzi wa shule nyingine akamuuliza swali lile lile kwa Kiswahili. Akaipindua roboti tumbo juu, akamwonyesha gia ndogo yenye meno 12 iliyofungwa kwenye mota na gia kubwa yenye meno 36 iliyofungwa kwenye ekseli ya magurudumu, akamweleza kwamba ile ndogo lazima izunguke mara tatu ndipo kubwa izunguke mara moja, kwa hiyo mwendo unapungua ila nguvu ya kusukuma inaongezeka, na kwamba walipojaribu bila kupunguza mwendo mota ilizidiwa na roboti ikarudi nyuma kwenye mwinuko. Hayo ndiyo maelezo ambayo karatasi ya alama ilikuwa inayatafuta, na yalitolewa mahali ambapo hapakuwa na jaji.

Najua kuna watakaosema kuwa fainali za kimataifa huendeshwa kwa Kiingereza, hivyo tukiwaachia watoto Kiswahili tutakuwa tumewadanganya. Hoja hiyo ina chembe ya ukweli, lakini timu itakayopanda ndege ni moja, na zinazobaki nyumbani ni nyingi. Haiwezekani kanuni za wote zitungwe kwa kumtazama abiria mmoja. Nchini Brazil, FIRST LEGO League husimamiwa na taasisi ya SESI na watoto huhojiwa kwa Kireno, na Ujerumani huhojiwa kwa Kijerumani. Timu itakayochaguliwa na ifundishwe Kiingereza cha safari baada ya kuchaguliwa. Hata vifaa vya kufundishia vimeshaanza kutupa njia: Scratch, programu ya kujifunzia uprogramu iliyotoka Chuo Kikuu cha MIT, ina Kiswahili katika orodha ya lugha zake, na mtoto anaweza kuunganisha vipande vya amri kwa lugha anayoota nayo usiku. Ninachopendekeza ni kwamba kila timu ichague lugha wakati wa kujiandikisha, iruhusiwe kuchanganya itakapokwama, kila jopo liwe na majaji wanaozimudu lugha zote mbili, na alama za ufasaha wa kuzungumza ziondolewe kabisa mahali popote ambapo kinachopimwa ni uhandisi.

Pamoja na lugha huja adabu, jambo ambalo miongozo ya nje haiwezi kulijua na sisi tunaoitumia hatuna sababu ya kulisahau. Watoto wetu wengi wamelelewa kutomkatiza mkubwa, kutomkazia macho anapozungumza, na kungoja waulizwe kabla ya kujisifia. Jaji aliyepewa karatasi yenye kipengele cha kujiamini humwona mtoto wa namna hiyo kuwa ni mzito. Sishauri tuwafundishe watoto wetu utovu wa adabu ili wapate alama. Nashauri majaji wapewe semina fupi ya kuelewa ukimya huo, waanze kwa kuwapokea watoto na kuitikia shikamoo zao vizuri badala ya kuruka moja kwa moja kwenye swali, na waseme wazi kuwa hapa anaruhusiwa kila mtu kueleza kazi aliyoifanya, hata kama mwenzake ameshazungumza. Mtoto wa Kizaramo au wa Kimakonde akisharuhusiwa na mkubwa, hana shida ya maneno. Tena mkiwaacha wataniane na timu pinzani kidogo, kama tunavyofanya watu wa Simba na Yanga, chumba chote kitachangamka.

Kuhusu mada za mashindano nitakawia kidogo, kwa sababu hapa tuna utajiri tunaouacha mlangoni. Msimu wa 2025–2026 wa FIRST LEGO League uliitwa UNEARTHED na ulihusu akiolojia, yaani uchimbaji na uchunguzi wa mabaki ya watu wa kale. Ni nchi gani ingepaswa kuufurahia zaidi ya hii? Fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa jamii ya binadamu, aliligundua Mary Leakey kwenye Bonde la Olduvai tarehe 17 Julai 1959, na lipo kwenye Makumbusho ya Taifa hapa hapa mjini. Nyayo za Laetoli zilipatikana mwaka 1978. Magofu ya Kilwa Kisiwani yameorodheshwa na UNESCO kuwa urithi wa dunia tangu mwaka 1981. Mtoto wa Tegeta hana hata haja ya kusafiri, kwa kuwa magofu ya Kunduchi yenye msikiti na makaburi ya kale yako jirani naye. (Mjusi wa Tendaguru, yaani dinosaria aliyechimbwa Lindi kati ya 1909 na 1913 na mpaka leo amesimama Berlin, ni wa taaluma nyingine, lakini sidhani kama kuna jaji ambaye angemnyima mtoto alama kwa kuuliza habari zake.) Pamoja na hayo, ni rahisi mno kwa timu ya hapa kwetu kuandaa mradi kwa kusoma mtandaoni habari za mapiramidi ya Misri, kwa vile mifano inayopatikana kwa urahisi ni ya huko na hakuna aliyewaambia watoto kwamba ya kwetu ina thamani ile ile mbele ya majaji. Mwongozo wa msimu, unapofika nchini, uambatanishwe na kurasa chache zilizoandikwa hapa zinazotaja maeneo, makumbusho na wataalamu ambao mtoto anaweza kuwafikia kwa nauli ya daladala.

Tena si lazima kila mara tungoje mada kutoka nje. Chukueni bao. Ubao wa bao la Kiswahili una mashimo 32, safu nne za mashimo manane manane, na kete 64, ambazo mara nyingi ni komwe: mbegu ngumu, duara, zinazoteleza, ambazo hata kidole cha mtu huhitaji mazoea kuziokota mbili mbili. Mwambie mwanafunzi aunde mkono wa roboti utakaochota komwe zote kutoka shimo moja, uzihesabu, kisha uzidondoshe moja moja katika mashimo yanayofuata bila kuruka shimo na bila kudondosha mbili mahali pamoja, na ukifika mwisho wa safu ugeuke na kurudi kwa safu ya pili. Hapo utakuwa umempa tatizo la kushika kitu kinachoteleza, tatizo la kihisi kinachotambua kama shimo ni tupu, tatizo la kuhesabu, na tatizo la kuandika amri inayojirudia hadi sharti fulani litimie, yaani karibu kila kitu tunachotaka ajifunze katika mwaka wa kwanza. Waamuzi wa mchezo wenyewe hawapungui. Wamo kwenye mabaraza ya Temeke na Magomeni kila jioni, na ningependa sana kumwona mzee wa bao akimbishia mhandisi kijana kuhusu kete iliyolala kwenye ukingo wa shimo. Wanaotaka mada ya shida za mji nao wana Bonde la Msimbazi na mafuriko ya Jangwani, ambayo hayahitaji maelezo kwa mtoto yeyote aliyewahi kukwama kwenye mwendokasi siku ya mvua.

Kutoka kwenye mada tunaingia kwenye vifaa. Seti za kiwandani ni nzuri lakini ni ghali, na hata zikishanunuliwa hazidumu sokoni: LEGO yenyewe ilitangaza mwaka 2022 kuacha kutengeneza Mindstorms, seti yake ya roboti, na shule iliyokuwa imejibana kununua ikabaki na masanduku yasiyo na vipuri. Kwa hiyo kila shindano liwe na kundi la wazi lenye kikomo cha gharama, ambalo roboti yake inaweza kujengwa kwa mota zilizotolewa kwenye printa mbovu, mbao, mabati na nyaya za Kariakoo, na kundi hilo lipewe kikombe chenye heshima sawa na vingine, wala lisiwekwe kwenye kona karibu na choo kama maonyesho ya huruma. Mafundi simu wa Mtaa wa Aggrey na mafundi vyuma wa Gerezani waalikwe kuwa walezi na majaji wa kundi hilo. Wengi wao wanajua mambo ambayo mimi mwenye shahada sijui.

Ratiba ni jambo dogo kurekebisha. Jumamosi inapendwa na waandaaji, lakini kwa wanafunzi Wasabato ni siku ya ibada. Jumapili ni vivyo hivyo kwa Wakristo wengi wengine. Na shindano la siku mbili linaloanza Ijumaa likipanga raundi saa saba mchana linawalazimisha vijana Waislamu kuchagua kati ya meza na msikiti. Ramadhani nayo huwahi kwa siku kumi au kumi na moja hivi kila mwaka, kwa hiyo haifai kunakili kalenda ya mwaka uliopita. Jumatatu hadi Alhamisi wakati wa likizo hakuna anayeumia. Chakula kiwe halali na kila mtu ajue hivyo, pawepo pa kuswalia, na shughuli zikome mapema ili mtoto wa Kigamboni avuke na wa Chanika afike kwao kabla ya giza, ukizingatia kuwa makonda wengi humkimbia mwanafunzi hata mchana kweupe. Barua ya mwaliko kwa wazazi iandikwe kwa Kiswahili. Mama anayeuza samaki Feri ana haki ya kusoma mwenyewe anakoalikwa.

Kwa upande wa wasichana, tusiridhike kwa kuhesabu sare. Katika timu nyingi nilizoziona, mvulana hushika bisibisi na kompyuta, msichana hushika bango na kutabasamu. Kanuni imtake kila mwanatimu aonyeshe sehemu ya roboti au ya programu aliyoifanya mwenyewe, na jambo hili litajirekebisha ndani ya msimu mmoja. Msichana anayevaa hijabu naye asiambiwe aivue kwa sababu ya usalama. Gia hukamata chochote kinachoning'inia, kuanzia tai ya shule hadi utepe wa kitambulisho, na dawa yake ni kuchomeka na kubana kwa pini.

Dar es Salaam ina Shule ya Buguruni Viziwi, na ina Uhuru Mchanganyiko ambako watoto wasioona husoma pamoja na wenzao. Sijawahi kuziona timu za watoto hao kwenye meza nilizosimamia, na si ajabu, kwa kuwa raundi huanza kwa mtu kuhesabu kwa mdomo na kuisha kwa king'ora. Taa moja inayowaka kijani na kugeuka nyekundu ingetosha mezani. Chumbani anahitajika mkalimani wa Lugha ya Alama ya Tanzania, na kwa asiyeona unahitajika muda wa kuupapasa uwanja mzima kabla ya raundi. Huwezi kuwaambia watoto hawa waombe msaada siku ile ile mlangoni; mambo haya yaandikwe kwenye tangazo la kwanza, la sivyo mwalimu wao hatajaza fomu.

Naomba pia wizara na TAMISEMI watazame mfumo tulionao tayari. UMITASHUMTA na UMISSETA, yaani michezo ya shule za msingi na ya sekondari, huanzia shuleni, hupanda hadi kata, wilaya, mkoa na taifa, na kwa sababu hiyo mtoto wa shule yoyote ile anajua njia ya kufika juu hata kama hana ndugu mwenye kampuni. Mashindano ya roboti hayana ngazi hiyo. Mara nyingi tangazo hupita kwenye makundi ya WhatsApp ya shule zilizoshiriki mwaka uliotangulia. Meza moja ya roboti katika kila wilaya ya mkoa huu, ikifuata ratiba ya michezo hiyo na kuunganishwa baadaye na MAKISATU, mashindano ya kitaifa ya sayansi, teknolojia na ubunifu ambayo serikali iliianzisha mwaka 2019, ingetupa washiriki ambao leo hatujui hata kama wapo.

Kuhusu gharama za hayo yote, tafsiri ya kanuni haihitaji mfadhili wa mbali. Baraza la Kiswahili la Taifa (BAKITA) na wataalamu wa TATAKI, taasisi ya Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wapo jijini humu humu, na wanafunzi wa chuo cha teknolojia cha DIT wanaozungumza lugha zote mbili na kuijua mota kwa undani wanaweza kuwa majaji wazuri kuliko wengi tunaowaalika sasa. Rasimu ya kanuni za Kiswahili pamoja na vipimo vya meza ya bao tumeshaianza katika klabu yetu, na tuko tayari kuipeleka kwa kamati yoyote ya maandalizi itakayotuita, mradi kikao kipangwe baada ya vipindi vya mchana.

Wako mtiifu,
Mwalimu wa fizikia na mlezi wa klabu ya roboti,
Mbagala, Dar es Salaam